Jirani Aliyekataa Kuzika Mgomba

Vijana, someni kwanza, kucheka kutafuata. Ninyi mliozaliwa hapa Johannesburg, mnaosemeshwa Kiswahili mkajibu Kizulu, mnaoniita Gogo ilhali mimi ni Bibi, mnadhani dunia ilianza siku mliyonunuliwa simu. Aliishi mtu katika nyumba yetu hii ya Bellevue, ukuta kwa ukuta nami, aliyesema dunia ni nzee hata neno "zamani" haliitoshi, kama kumvisha ng'ombe kofia ya mtoto. Nataka mmjue. Mimi shule niliishia darasa la nne, Tanga, kwa hiyo naandika kama nisemavyo. Asiyetaka aweke chini akaangalie simu yake.

Jina lake ninalo na silitoi. Nitamwita Jirani, kama nilivyomwita usoni kwake miaka yote. Na msilidharau neno hilo. Kwetu jirani ana haki nyingi, imebaki kidogo tu arithi.

Mambo mawili myajue mapema. La kwanza, alikuwa msusi wa nywele, mama wa Kikongo kutoka Likasi, akisuka vichwa Yeoville mchana kutwa. Pembeni ya ususi alikuwa na kazi nyingine aliyoiita sanaa, na watu wa majumba ya maonyesho walitoka hadi huko Randburg kuja kuitazama. La pili, alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekulia humu ndani na kula jikoni kwangu kama wanangu. Kijana yule alipokuwa mtu mzima aliingia na wenzake kwenye shimo la mgodi uliokwisha kufungwa, magharibi ya mji, kutafuta dhahabu iliyosazwa. Wenzake wakatoka. Yeye hakutoka. Hakuna aliyeiona maiti yake, na hakuna aliyemwona hai tena.

Kazi yangu mimi mnaijua. Nawaosha wanawake wenzangu wanapokufa, nawavika sanda, nawakabidhi. Kwa hiyo nilimwambia Jirani neno moja, mwaka nenda mwaka rudi: mzike mwanao. Mwili ukikosekana, watu huzika mgomba. Hukatwa gogo la mgomba urefu wa mtu, likavikwa nguo nyeupe, likashushwa kaburini. Watu wakalia, wakala, wakatawanyika. Masheikh hawataki kusikia habari hiyo, na wachungaji vilevile, lakini watu wamefanya na watafanya, kwa sababu mwenye kufiwa anataka mahali pa kusimama. Jirani alikataa. Hilo ndilo lililokuwa kati yetu, na haya mengine yote yamelizunguka hilo.

Msidhani alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Alikuwa mkorofi. Mtu aliyezungumzia miaka isiyo na jina hata kwa wenye hesabu zao, lakini ukikaa kidogo tu kwenye choo chetu cha pamoja, anagonga mlango kwa kiatu. "Weye, unazaa humo ndani?" Foleni ya spaza, duka letu la uchochoroni, ilimshinda, alipita mbele ya watu akisema ana mgonjwa nyumbani. Mgonjwa gani? "Tumbo yangu." Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimshika mkono anacheka mpaka anakohoa, halafu anataka mchezo uendelee kama kwamba wewe ndiye uliyekosa. Jumapili alivaa kofia pana kama sinia, akaenda kanisani kwao akaimba sauti ya juu, kisha akarudi kuniambia mchungaji ana haraka mno na kiama.

"Anaambia batu dunia iko karibu kwisha, maman. Dunia haiyaanza hata kuchoka!"

Ndivyo alivyosema, Kiswahili chao cha Katanga, "batu" mahali pa watu, "njo" mahali pa ndiyo, na wakati mwingine "mbele" mahali pa kabla. Mimi wa Tanga kilinikwaruza masikio mwanzoni. Nikimrekebisha ananitazama kwa huruma. "Unaelewa ao hauelewi?" Naelewa. "Basi, acha."

Sasa hiyo sanaa yake. Mimi nilijua sanaa ni vinyago na picha za twiga wanazouziwa watalii. Yake haikuwa hivyo. Yake ilikuwa ni vitu vya kawaida vya nyumbani vilivyofanywa visikae kawaida, mpaka vinakutisha.

Chukua saa. Alinunua saa ya ukutani kama hizi za madukani, akampelekea fundi akatoa mitambo yake akatia mingine, akaacha mshale mmoja tu. Alisema mshale ule ukisogea upana wa unywele mmoja, hiki kilima tunachokaa juu yake kitakuwa kimelika kwa mvua kikawa tambarare. Kabla haijapelekwa kwenye maonyesho aliitundika koridoni kwetu, "ijizoeze na batu". Chumba cha mbele alikaa Mrundi mmoja, mlinzi wa geti la maduka. Siku moja karudi anafoka.

"Mama, saa yako imekufa! Nimeiangalia nikajua bado mapema. Bosi amenibwekea mbele ya wateja!"

"Haiyakufa. Inatembea."

"Inatembea wapi? Tangu Jumatatu ipo palepale!"

"Ni weye njo unapita mbio."

Nyumba nzima ilicheka. Mlinzi hakucheka. Baadaye alinong'ona kwangu kwamba akipita pale koridoni huwa anaisalimia ile saa, maana asipoisalimia anahisi kuna mtu mzima kasimama hajaamkiwa. Nilimkemea, nikamwambia aache ushirikina. Lakini nami nilikuwa nikipita pale nimegeuza uso. Saa nyingine hukuambia umechelewa au umewahi. Ile ilikutazama tu, kama mtu anayengoja uondoke ndipo aendelee na lake.

Au chukua vichwa. Wasichana walikuja kusukwa mitindo waliyoiona kwenye simu, naye alipokubaliwa aliwasuka mistari yake mwenyewe, ya duara, mmoja ndani ya mwingine, kuzunguka utosi. Alisema hizo ndizo njia ambazo nyota hupita juu ya mji huu, zikiuzunguka upande wa kusini, zinapita hata mchana tunapokuwa sokoni. Kisha akawapiga picha kisogoni. Alinialika kwenye maonyesho nikaenda, nimevaa buibui langu jipya. Ukuta mzima, vichwa vya watoto wetu vimetundikwa kwa safu, vikubwa kuliko mlango, havina nyuso. Watu wanatembea na glasi mikononi wanasema ni nzuri. Mimi nilisimama nikaona watoto wote wa Bellevue wametupa kisogo, wanaangalia kitu upande wa pili wa ukuta, na hakuna atakayegeuka hata ukimwita. Nilimwita mmoja kwa jina, kimoyomoyo. Nikatoka nje.

"Hujapenda?" Jirani akaniuliza.

"Wanaangalia nini?"

"Mbele yao," akasema. "Siye njo tunaangalia nyuma."

Sikuelewa, na leo sina hakika kama naelewa.

Umeme ukikatwa, ninyi mnalalamika, oo eish simu, oo eish televisheni. Yeye alikuwa mtu pekee mtaani aliyeshangilia. Magharibi giza likishuka juu ya mabati na taa za robot, zile za kuongozea magari, zimezimika barabarani, anatoka uani na kigoda, anakaa kimya na uso juu. Wakati huo ndipo hakuwa mkorofi. Ukimsemesha anajibu taratibu, kama mtu aliye mbali. Niliwahi kumuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti, anajipima. Akishajiona mdogo vya kutosha ndipo anaweza kuingia ndani kulala.

"Kama jiwe inaweza kungoja vile," alisema, "mi nitashindwaje kungoja mtoto moja?"

Basi nikajua. Nyota zile, na mawe, na saa, vyote vilikuwa ni kigoda cha kukalia akingoja. Nikasema neno langu, mzike. Akasema lake, hapana. Tukaingia ndani kila mtu kwake.

Halafu ikaja sauti. Nilikuwa nasali Alasiri. Kwenye ukuta ulio kati yetu nikasikia kitu kinagonga. Tok. Tok. Tok. Si haraka, si polepole, wala hakikosei. Nikadhani bomba. Kesho yake tena, saa ileile. Mwenye nyumba akamleta fundi, wakafungua, wakafunga, bomba halina kitu. Mlinzi akaanza kula chakula chake nje. Wanawake wa vyumba vya juu wakasema chinichini, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba ni yule kijana, anagonga toka huko chini aliko, na kwamba mashimo ya dhahabu yamepita chini ya mji wote huu mpaka chini ya vitanda vyetu. Nilisikia, nikawaambia wafunge midomo. Kisha nikaenda kumgongea.

"Ni nini hicho chumbani kwako?"

"Nyota."

"Nyota inagonga ukuta?"

Akanionyesha redio ndogo sakafuni, kipaza sauti chake kimegeuzwa kikatazama ukuta, kwangu. "Batu ya chuo banakamata sauti yake na ile masahani yao makubwa. Iko nyota ilikufa, maman. Mbele ya Adamu ilikufa. Ikabakia kidogo, nzito, inazunguka. Ikizunguka, njo hii."

"Imekufa?"

"Imekufa."

"Na bado inagonga."

"Bado inagonga." Na akanitazama usoni, hakupepesa.

Hapo nilijua hatuzungumzii nyota. Nikamwambia, maana mimi sipakai maneno asali, "Jirani, nyota haina mama."

"Unajuaje?" akasema.

Aliipunguza sauti kwa heshima yangu. Hakuizima. Kuanzia hapo kila nikisujudu, paji la uso chini, nilikuwa namsikia yule mfu wa mbinguni anagonga kwenye sakafu, na nitawaambia jambo la aibu: siku alipoipeleka ile redio kwenye maonyesho, ukuta uliponyamaza, ndipo nilipoogopa zaidi.

Sasa habari ya shimo, maana ndiyo mtu akiwasimulia atawasimulia vibaya.

Aliomba kwa mwenye nyumba achimbe shimo uani, nyuma ya kamba za kuanikia. Alisema mtu akilala chini kabisa ya shimo jembamba, saa sita za mchana, akaangalia juu, ataona nyota hazikwenda popote, zipo, ni mwanga tu unaozificha. Wageni wa maonyesho walialikwa Jumamosi. Haya yote alimwambia mwenye nyumba. Sisi hatukuambiwa kitu.

Mimi narudi zangu sokoni asubuhi ile, nimebeba mchicha, naona nini? Udongo mwekundu umerundikwa. Shimo la urefu wa mtu. Viti vya plastiki vyeupe vimepangwa safu. Nikaweka mchicha chini. Nikasema, Alhamdulillahi, amekubali. Nani angefikiri nyota? Shimo na viti kwetu maana yake ni moja, na habari ya msiba haingoji ruhusa. Nikapiga simu. Mama wa kanisani kwao wakaja na vitambaa vyeupe kichwani. Watu wa msikitini kwetu wakaja na mchele na sufuria. Mikeka ikatandikwa. Mlinzi, masikini, alikwenda hadi Rosettenville kwa Mmozambiki mmoja mwenye migomba nyuma ya nyumba, akarudi na gogo begani jasho linamtiririka. Wanaume wakalivika nguo nyeupe, wakalifunga vizuri, wakalilaza ukingoni. Nyimbo zikaanza.

Na saa sita ile, wageni wa maonyesho nao wakaingia na kofia zao na chupa zao. Wakatuona sisi tumekaa chini tunalia. Wakanyamaza kwa adabu, kisha wakaanza kutupiga picha. Walidhani sisi ndiyo kazi yenyewe. Bwana mmoja mwenye miwani myekundu aliniinamia akasema kwa Kiingereza kwamba nimemgusa sana.

"Nimekugusa wapi?" nikamwambia. "Mimi nalia, hebu nipishe."

Na wetu nao walidhani wale ni watu wa migodi wamekuja kutoa pole. Mzee mmoja aliwaendea akawaambia, "Mmechelewa." Wakaandika hilo pia.

Jirani akatoka ndani na kofia yake ya sinia. Akasimama mlangoni. Nilimwona macho yake yanavyokwenda, kwenye mikeka, kwenye sufuria, kwangu, mwisho kwenye kile cheupe kilicholala. Nyimbo zikakatika zenyewe. Mchungaji, siku hiyo kafumba macho kuhusu mgomba, akamwendea na mikono miwili.

"Mama, leo umetutia moyo sisi wote. Tumshushe."

"Mushushe nani?"

"Mtoto wako, mama."

Akaenda pale ukingoni, akapiga magoti. Alifungua nguo upande wa kichwa, kama tunavyofungua ili mtu atazamwe mara ya mwisho. Gogo lilikuwa bichi, limetoa maji, nguo imeloa. Akaligusa pale ambapo pangekuwa paji la uso. Akapapasa kidogo, kama anatafuta.

"Huyu haiko wangu," akasema. "Wangu iko na kovu hapa."

Akamfunika. Nimesema "akamfunika" na sitafuta. Kisha akavua kofia, akaketi ukingoni, akajishusha mwenyewe ndani ya shimo na kulala chali. Mama wa kanisa walipiga yowe. Mimi nimeshusha wengi, sikuwahi kumwona anayejishusha. Sauti yake ikatoka chini, ya kawaida kabisa, ile ya kugongea choo.

"Muko na haraka ya nini, nyiye batu? Kuyeni muangalie!"

Wakaingia, mmoja mmoja, wageni kwa wetu, yeye akiwapisha. Mama mmoja mzee wa kanisani alitoka akaketi kwenye mkeka na udongo bado mgongoni. Mlinzi alikataa katakata. Mimi niliingia. Mnajua sikwepi.

Chini kulikuwa baridi. Harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua. Kelele za mtaa zilikatwa kama kwa kisu. Nyota sikuona, na sitasema uongo kwa ajili ya sanaa. Niliona mbingu ndogo, ya buluu iliyokolea, na pembeni yake nyuso zenu, nyuso zote ninazozijua, zimeinama ukingoni zinanitazama, midomo inatembea na mimi sisikii kitu. Nikaelewa kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa. Na nikaelewa kwamba kutoka hapa chini, ninyi wa juu ndio mnaoonekana mmepotea.

Nilitoka nikatoa amri. Kaburi likishachimbwa halilali wazi, linaita mwenyewe. Ama tuzike ama tufukie, na kabla ya jua kuchwa. Jirani akasema, "Fukieni. Lakini ile kintu yenu isiingie." Likafukiwa tupu. Na ule mgomba, hapana aliyethubutu kuutupa, hapana aliyethubutu kuuvua. Uliegemezwa ukuta wa nyuma na sanda yake, ukasimama humo uani kama mgeni asiyekaribishwa, mpaka ukaoza ukajikunja wenyewe. Mlikuwa wadogo. Mlikuwa mkipita mbali nao, na hamkuwa mmeambiwa kitu.

Haukupita muda akahama. Hatukugombana. Alisema anakwenda La Rochelle, akae karibu na vile vilima vya njano vya machimbo, vile ambavyo siku hizi malori yanavibeba kuvisaga upya. "Nataka kuvionaona mbele haviyaisha." Kwa sababu, alisema, mchanga ule ulikuwa ufuo wa bahari kabla hakujawa na kitu chenye macho, ukazama, ukawa jiwe, jiwe likachimbwa likasagwa, likawa ufuo tena, na hakuna bahari. Alinishika mkono mlangoni. Mkono wake ulikuwa na mafuta ya nywele, kama kawaida.

Miaka ilipita tunapigiana simu. Mwaka huu, baada ya Idi, akapiga, akasema macho yanazidi kuwa mabaya, hasuki tena, na mwenye chumba anamtaka atoke. Nikafikiri, huyu anazeeka, na akifa bila kumaliza habari ya mwanawe, atakayemwosha atamwosha na deni hilo. Nikatia sanda mpya ya yule kijana kwenye mkoba wangu, na kafuri. Nikamwambia mjukuu wangu wa kike, yule aliye na gari, anipeleke Jumapili. Nilikusudia siku hiyo neno langu liwe la mwisho.

Alitufungulia mlango kwa kupapasa. Amekonda. Chumba ni kimoja, na sakafu yote, kutoka ukuta hadi ukuta, imetandazwa mchanga ule wa njano, laini kama unga, umesawazishwa bila hata alama moja. Yeye anapita juu ya ubao pembeni. Kitanda kwenye kona, viti viwili juu ya ubao. Mjukuu akasema, "Eish, Bibi," akabaki mlangoni.

"Hii nayo ni ya maonyesho?" nikamuuliza.

"Iko ya mwisho. Kaa, maman. Usikanyage."

Akatupa chai. Tukaulizana hali za watu. Ilikuwa Jumapili, malori hayafanyi kazi, mtaa umetulia. Mara kijiko kikalia ndani ya kikombe, chenyewe. Mnajua Johannesburg hutikisika kidogo, mashimo huko chini yanajikunja, tumezoea. Lakini nilikuwa sijawahi kuwa na mchanga mbele yangu. Ule mchanga ulitobokatoboka. Vishimo vidogo, hapa, pale, vikazaa duara, duara zikagusana, kama bwawa linyeshewapo, isipokuwa mvua ile ilikuwa ikinyesha kutoka chini kwenda juu. Ikadumu kidogo. Ikaacha. Mjukuu alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Imekuja?" Jirani akauliza. Hakuwa akiiona. Alikuwa ameinamisha sikio.

"Imekuja," nikasema. "Ni mtetemeko, Jirani."

"Njo vile. Ni mtetemeko." Alikubali, na hilo ndilo lililonivunja nguvu, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. "Mainjinia banasema jiwe inajipanga. Sisemi ni yeye, maman. Mi haiko kichaa. Nasema tu, ile kintu inamufunika haiyatulia. Siku itatulia, nitazika."

Akavuta hewa puani.

"Nasikia kafuri. Umeleta kitambaa."

"Nimeleta."

Basi akainama pale alipokaa, akachota mchanga kiganja kimoja, akanyoosha mkono kunitafuta. "Kama unataka sana kuosha, osha hii. Ilitoka chini, kwenye aliingia."

Nikamwambia ukweli ninaoujua, kwa ukali, maana dini haichezewi. "Mchanga hauoshwi. Maji yakikosekana, mchanga ndio unaoosha. Hata maiti, pasipo na maji, hutayamamishwa kwa udongo safi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa."

Mkono ulikuwa bado umenyooshwa, mchanga unamvuja kati ya vidole.

"Basi iko inamuosha," akasema. "Acha imalize."

Vijana, mimi nina umri huu. Nimeosha watoto na wazee, nimeosha rafiki zangu. Na jambo la kwanza alilonifundisha aliyenifundisha ni kwamba sanda haigusi mwili kabla ya kuosha kumalizika. Anayeharakisha hapo amemdhulumu marehemu. Nikafunga mkoba wangu. Nikamshika Jirani mkono ule wenye mchanga, nikaukunja ngumi usimwagike zaidi, nikamuuliza ana mizigo mingapi.

Njiani mjukuu hakuwasha redio. Mataa ya barabara yalikuwa yameanza kuwaka. Nyumbani niliwakusanya wote jikoni, na mlinzi wa watu naye nikamwita. Mjukuu akasema, "Bibi, vumbi la machimbo ni sumu, kila mtu anajua." Nikasema najua. Kisha nikawaambia hivi, na walioko nyumba hii baada yangu wahesabu wameambiwa:

Jirani anarudi wiki hii, na atalala chumbani kwangu. Chumba cha nyuma toeni magunia yenu yote. Mchanga wake utaletwa wote, utatandazwa humo, dirisha lizibwe, mlango ukae umefungwa, na watoto wachezee mbele. Asimwulize mtu atazika lini, na mimi nikiuliza nikumbusheni. Na humo ndani, niwe nipo au nisiwepo, ufagio usiingie.